Umevuta Mbao

Fundi Kabati aliitwa hivyo kwa sababu mbili. Kazi yake ilikuwa kutengeneza makabati, na yeye mwenyewe alikuwa na umbo la kabati: mpana juu, mpana chini, na mgumu kusogezwa. Kwa miaka thelathini na mmoja alishinda kwenye vumbi la mbao, vumbi laini kama unga, likimkaa kwenye kope, masikioni, hata kwenye chai. Shemeji yake, kaka wa mkewe, ndiye aliyeshika mashine ya msasa, na jioni alitoka mweupe utadhani katoka kiwanda cha unga. Mteja mmoja aliwahi kuwaletea barakoa. Wakazitumia kuchujia vanishi.

Basi tundu la kulia la pua ya Fundi likaziba. Akasingizia mafua, kisha mto, kisha manukato ya mkewe. Miezi ikapita. Siku moja tone la damu likadondoka kwenye mlango wa kabati la mteja. Akalipiga msasa haraka na kuendelea na kazi, kama vile pua iliyotoa damu si yake.

Kilichomuumbua ni maharage. Mkewe alimwachia sufuria jikoni akatoka kuanua nguo. Aliporudi alikuta moshi umetanda, jirani kasimama mlangoni na ndoo ya maji, na mumewe, hatua mbili kutoka jikoni, anafungua ukurasa wa michezo.

"Baba watoto, husikii harufu?"

"Harufu gani?"

Mkewe hakugomba. Hilo ndilo lililomtisha Fundi, maana katika ndoa yao sufuria iliyoungua ilikuwa kesi ya wiki nzima. Asubuhi yake alipelekwa hospitali, mke nyuma yake hatua kwa hatua, asije akachepuka.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, rika la binti yao. Alimuuliza kazi yake, akauliza miaka, akaandika. Alipomwingiza puani kamera nyembamba kama mrija, Fundi akamwambia kwamba akikuta msumari humo asiutupe, ni wake. Daktari akatabasamu. Kisha akaendelea kutazama, na tabasamu likaisha taratibu. Akakata kinyama kidogo cha kupima.

Majibu yalipotoka, ilikuwa saratani ya pua.

"Lakini mimi sijavuta sigara maisha yangu yote," Fundi alisema.

"Hukuvuta sigara, mzee wangu. Umevuta mbao."

Akamweleza kwamba ugonjwa huo ni wa nadra, ila huwapata zaidi watu waliovuta vumbi la mbao miaka mingi, hasa za miti migumu. Fundi alirudi nyumbani akakaa uani kwenye kigoda alichokitengeneza mwenyewe. Mbao zilizosomesha watoto wanne, kumbe zilikuwa zinamla yeye. Mkewe akasogeza kiti karibu, akasema kila safari ya hospitali watakwenda wote. Shemeji alipopewa habari alizima mashine, na tangu siku hiyo akawa anapenga kamasi kila saa ili kuhakikisha pua yake haijaziba.

Upasuaji ulipitia tundu la pua, bila kumchana uso. Alipoonyeshwa keekee ndogo ya kutobolea mfupa, Fundi alimuuliza daktari wa upasuaji huwa anainoa wapi. Kisha yakafuata majuma sita ya mionzi. Mdomo ukamkauka, chakula kikakosa ladha, akamwambia mkewe kwamba sasa anaweza kula kwa mama mkwe bila hofu. Mkewe akacheka, mara ya kwanza katika miezi mitatu. Harufu hazikurudi. Ila vipimo vilitoka safi, akaambiwa awe anarudi kuchunguzwa.

Karakana alirudi na sheria. Mashine ikafungiwa bomba la kufyonza vumbi, sakafu ikafagiliwa baada ya kunyunyiziwa maji, barakoa zikavaliwa puani, si kidevuni. Kisha akapita karakana zote za mtaa akiwataka mafundi wazibe tundu moja kwa kidole, wapumulie lingine. Wapita njia walipoona wanaume kumi na mmoja mstari mmoja, kila mmoja na kidole puani, wakavuka barabara.

Wa kumi na mbili, mzee mpiga vanishi, tundu lake la kushoto halikupitisha hewa hata chembe. Kabla ya kwenda hospitali na Fundi aligawa mali yake yote: randa kwa shemeji, ngazi kwa fundi wa viti. Kisha akamsamehe mbele ya watu fundi wa milango aliyekosana naye miaka tisa.

Ikaonekana ni nyama za pua tu, si saratani. Zikatolewa, na mzee akaja kudai vitu vyake.

"Mzee, urithi haurudi," shemeji alimwambia, ameikumbatia randa.

"Urithi ni wa marehemu. Mimi nimesimama hapa."

Akarudishiwa randa, akarudishiwa na ngazi. Msamaha ndio uliomshinda kuurudisha, kwa maana alipofika nyumbani kwake alimkuta fundi wa milango keshakaa kwenye benchi lake, anakunywa chai, amemwekea na yeye kikombe.