Harusi Iliyomwagikia Migombani

Kwa miaka thelathini Febronia alipiga chapa barua za ofisi ya serikali, na hadi anastaafu hakuna aliyewahi kumrudishia barua yenye kosa. Kwa hiyo kikundi cha wakulima wanawake wa Ntobeye kilipoamua kutoa jarida la kurasa nane, hakuna aliyeuliza nani atalipanga.

"Mashine ni mashine," alisema, akapanda bodaboda hadi Ngara mjini, kwenye steshenari ya Irine, binti aliyekuwa akifundisha kompyuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nionyeshe."

Siku ya kwanza alitaka kichwa cha habari kikae katikati ya ukurasa. Akabonyeza kitufe cha nafasi mara thelathini na moja, akihesabu kwa sauti kama alivyozoea kwenye taipureta. Irine akamwacha amalize, kisha akabofya mara moja tu, kichwa kikaenda katikati.

Febronia akamkodolea macho. "Si ungeniambia nilipofika kumi?"

"Samahani, mama. Ulikuwa unahesabu vizuri."

Kisha Irine akamweleza kwamba kwenye programu hii maneno hukaa ndani ya maboksi. Boksi likijaa, unaliunganisha na jingine, na maneno yaliyozidi yanahamia huko.

"Kama kukinga mvua," Febronia alisema. "Pipa moja likijaa, maji yanaingia la pili."

"Hivyo hivyo."

Jambo hilo lilimfurahisha mno. Wiki nzima aliunganisha kila boksi aliloliona. Ijumaa Irine alisafiri kwenda Biharamulo kununua karatasi, na Febronia, akijiona amehitimu, akachapa nakala hamsini peke yake.

Jumapili baada ya misa jarida likagawiwa. Ukurasa wa tatu ulikuwa na habari mbili: harusi ya Frednand na Benedicta, na ushauri kuhusu ugonjwa wa mnyauko wa migomba. Mwanamke mmoja akasoma kwa sauti mbele ya wote:

"Bibi harusi anamshukuru Mungu kwa kumpa mume mwenye afya. Dalili za kunyauka zikionekana, usichelewe. Kata chini kabisa kwa panga kali, katakata vipande, fukia shimoni."

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Febronia alikwenda zake nyumbani bila kuaga mtu.

Jumatatu asubuhi Anjelika, mama yake Frednand, alifika mlangoni akiwa amelikunja jarida kama fimbo.

"Dada, nisamehe," Febronia akaanza. "Lile panga..."

"Panga? Mkwe wangu amecheka mpaka ugali ukampalia. Mimi nimefuata picha." Akalikunjua. Febronia alikuwa ameivuta picha kwa upande ili ijaze boksi, na uso wa bwana harusi ulikuwa mpana kama ungo. "Mwanangu ana shingo ndefu. Iko wapi?"

Wakaenda wote wawili mjini. Irine alipousoma ukurasa ule, alilazimika kukaa chini kwa kicheko. Lakini hakugusa kompyuta. "Rekebisha mwenyewe, mama."

Febronia akakata kiungo kati ya maboksi. Harusi ikarudi kwenye safu yake, migomba kwenye yake. Akaanza picha upya, safari hii akiivuta kwa kona huku ameshikilia kitufe alichoonyeshwa. Shingo ya Frednand ikachomoza.

"Iongeze kidogo," Anjelika akasema nyuma yake.

"Hiyo ndiyo aliyozaliwa nayo."

"Kidogo tu, Febronia."

"Siongezi."

Kabla ya kuchapa, alisoma kurasa zote nane kwa sauti, neno kwa neno, na Anjelika akamfuatilia kwa kidole. Kisha printa ikaanza kunguruma. Febronia akapokea nakala ya kwanza ikiwa bado na joto, akaiangalia safu moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa zimenyooka. Ndipo naye akacheka, akacheka kwelikweli, mpaka Irine akamsogezea kiti.