Isale Haikataliwi

Watu huniambia hasira hasara. Mimi nawajibu kwamba hasara ni kukaa saa mbili kwenye kiti cha plastiki ukitazama upuuzi, halafu mwishoni unaambiwa upige makofi. Naitwa Violet, nina duka la mapazia mjini Arusha. Filamu mpya ikitoka lazima niitazame, na nikimaliza narekodi voisi naitupa kwenye kundi la WhatsApp la kina mama wa mtaani kwetu Moshono. Wameniita Mahakama. Sikatai.

Mwezi huu nilikuwa nimeshahukumu kadhaa. Kuna ile ya jambazi aliyepigwa risasi ya kifua Ngaramtoni, akatimua mbio kwa miguu, na kabla hujameza mate yuko Momella, upande wa pili wa Mlima Meru, shati limenyooka. Ana mabawa huyo? Kuna nyingine, mke wa mkulima anakata majani ya ng'ombe huku amebandika kope na kucha nyekundu. Nilimwombea yule ng'ombe ampige teke. Lakini iliyonitoa povu ni ile ya kijana wa Kiarusha anayekutana na babu yake, anamnyooshea mkono na kumwambia, "Mambo, babu!" Hainamishi kichwa aguswe utosini kama mtoto aliyelelewa. Jirani yetu Lengai, Mwarusha wa damu, alizima televisheni yake mwenyewe akatoka nje kuangalia mbuzi.

Danganya kuhusu bunduki, danganya kuhusu magari, nitakusonya tu nikalale. Mila za watu usizichezee. Anayetazama akiwa Mbeya atadhani ndivyo tulivyo.

Basi mdogo wangu Ndesanjo naye akatengeneza filamu.

Nilifurahi, na hilo ndilo linaloniuma. Nilimwazima mapazia meusi ya dukani azibe madirisha ya ukumbi wa harusi kule Lemara, maana aliionyesha mchana, Jumapili baada ya ibada. Mama yetu, Kandida, alivaa kitenge chake cha Pasaka. Nikamketisha nyuma ya wanakwaya wenzake, nami nikakaa ubavuni kwake na pakiti ya karanga.

Karanga sikuzimaliza. Mwanamke kwenye skrini alifunga kilemba kama mama, alitembea kama mama, na mume wake, hata kama alipewa jina jingine, alikuwa baba yetu Hans mtupu: fundi magari aliyekwenda Babati kikazi, akaoa huko kimyakimya, akarudi baada ya miaka mingi, mgonjwa, amekonda hadi saa inamchezea mkononi. Wanakwaya wakaanza kugeuza shingo. Moshono hakuna siri.

Nikajikaza, nikijua kinachofuata ni isale. Kwetu Uchagani, ukimkosea mtu kosa zito, unachuma jani la isale, mmea ule wa mipakani na makaburini, unalifunga fundo na kumpelekea mbele ya wazee. Akishaletewa hana ujanja, lazima asamehe. Isale haikataliwi. Anayeikataa anaiita laana juu yake na uzao wake.

Baba alileta isale sebuleni kwetu, akisindikizwa na kaka yake, baba mkubwa Aminiel. Nilikuwepo. Mama alilipokea lile jani kwa mikono miwili, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa, na akamuuguza baba mpaka tulipompeleka kumzika Old Moshi. Hiyo ndiyo heshima ya mama yangu mjini hapa. Mchungaji akihubiri msamaha, macho ya kanisa zima humtafuta yeye.

Sasa tazama alichofanya Ndesanjo. Mwanamke wake wa kwenye skrini anapokea jani, analigeuzageuza, anakwenda jikoni na kulichomeka kwenye moto, chini ya sufuria ya mtori. Jani bichi, halikushika upesi. Likatoa moshi mzito mpaka wazee wakakohoa, na yeye anakoroga mtori wake.

Damu ikanipanda kichwani. Nilisimama, karanga zikamwagika.

"Uongo!" nikapiga kelele. "Uongo mtupu! Zima! Isale haikataliwi!"

Kuna aliyeniunga mkono, kuna aliyecheka. Mama akanivuta gauni.

"Kaa chini, Violet," akasema bila kunitazama. "Niache nione."

Nikakaa. Nilidhani aibu imemmaliza nguvu.

Filamu ilipoisha nilimkuta Ndesanjo mlangoni anapeana mikono na watu kama bwana harusi. Sikungoja wapungue.

"Mama yako alikukosea nini?" nikamuuliza. "Mwanamke amejenga jina lake kwa machozi, wewe unalichoma moto mbele ya wanakwaya! Kesho kina mama sokoni watasema nini? Kwamba Kandida alilaani watoto wake?"

"Dada, tuongee nyumbani."

"Nyumbani kwa nani? Hujui hata mila! Ungeniuliza mimi niliyekuwepo!"

"Sikukuuliza wewe," akasema polepole, akamtazama mama.

Mama alikuwa amesimama jirani na gari, mkoba kifuani. Akasema amechoka, tuondoke. Njia nzima niliongea peke yangu. Niliapa kile kipande kitakatwa kwenye filamu, la sivyo nachukua mapazia yangu na undugu nausahau.

Tulipofika, mama hakuvua hata viatu. Alikaa jikoni kwenye kigoda.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Sijamaliza."

"Basi pumzika kidogo, niseme mimi." Akanyoosha kitenge magotini. "Siku ile baba yako alipoleta isale, jikoni nilikuwa na mtori. Unakumbuka?"

Sikukumbuka.

"Nililishika lile jani, nikaangalia mlango wa jikoni. Nikaangalia sana. Aminiel akakohoa. Nikawatazama nyinyi wanangu, nikafikiria laana. Nikasema nimepokea. Na wewe Violet ulipiga kigelegele, ulikipiga kuliko wote."

Hicho nilikikumbuka.

"Nilimwogesha, nikamlisha kwa kijiko, nikamzika. Kila mtu akasema, Kandida ana moyo. Miaka yote hii nakaa kanisani nasifiwa, na kila nikisifiwa nasikia kichefuchefu, kwa sababu sijamsamehe. Hata leo. Nilipokea jani tu. Hakuna aliyeniuliza huo moyo wenyewe unasemaje, mpaka Ndesanjo aliponiuliza. Nikamwambia. Nikamwambia aliweke jani pale nilipotaka kuliweka mimi."

Nilitaka kukasirika, nikakosa wa kumkasirikia. Ndesanjo hapana. Mama, jamani, hapana. Nikaikasirikia picha ya baba ukutani, na baba mkubwa Aminiel na kikohozi chake, na sisi wote tuliokunywa ile mbege tukijiona tumeponya nyumba. Mimi, Mahakama, ninayejua kope zipi za kubandika na shati lipi limenyooka, nilikaa na mama yangu miaka yote hiyo na sikuona kitu. Nililia kwa hasira, kamasi na yote.

Mama aliniacha nilie. Kisha akauliza, kama anayeulizia bei ya vitunguu, "Inaonyeshwa tena lini?"

Jumamosi tulirudi Lemara. Mapazia yangu yalikuwa yamening'inia vilevile. Ukumbi ulijaa kuliko mara ya kwanza, maana habari ilikuwa imeshazunguka, na wengi walikuja kumtazama mama kuliko filamu. Mama akakaa mstari wa mbele kabisa.

Mwanamke wa kwenye skrini alipolipokea jani, mama alishika mkono wangu. Alipolichomeka kwenye moto, vidole vya mama vikanibana mpaka pete ikaniumiza, na akatoa pumzi ndefu.

Nyuma yetu mwanakwaya mmoja akaruka wima. "Uongo!" akafoka. "Isale haikataliwi!"

Nikageuka.

"Kaa chini," nikamwambia. "Mwache mama yangu aone."