Nangoja, Unangoja, Anangoja

Mwalimu Jilo alikuwa hoi. Kutwa nzima alikuwa amewafundisha Kifaransa wasichana wa sekondari hapo Garissa mjini, na sasa Mama Ramlo alikuwa keshafika kwa somo lake la jioni, ameketi wima, shingo upande wa dirisha kutafuta upepo ambao haukuwapo.

Binti yake Ramlo, Idman, alikuwa amemtafutia kazi ya jikoni huko Montreal, wanakozungumza Kifaransa. Alhamisi msimamizi angepiga simu kumsikia akizungumza. Bila kazi hakuna kibali, na bila kibali Ramlo hangewaona wajukuu ambao hajawahi kuwashika.

"Nous attendons. Sisi tunangoja," alisema Jilo, akigonga meza kwa kila silabi. "Nu-za-tan-DON. Uzito uweke mwisho."

"Nu-za-TAN-don."

Ah! Kiswahili kilikuwa kimeuzoesha ulimi wa Ramlo vingine. Jilo alitamani kulala palepale mezani.

"Mwalim, bole," alisema Ramlo kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Hii kukata-kata yako imenishinda. Wacha nisome ya dugsi."

Akafumba macho, akaanza kuyumba kama alivyosoma utotoni mbele ya maalim wa Kurani, ubao mapajani. J'attends, nangoja. Tu attends, unangoja. Akaenda hivyo mpaka wao wanangoja, na kila mara uzito ukaangukia mwisho. Jilo nusura apige vigelegele. Furaha hiyo ndiyo iliyomponza, kwa maana hakumfundisha tena kitu kingine.

Alhamisi simu ikaita, Jilo kando. Msimamizi, mwanamke, aliuliza polepole kwa Kifaransa: nani anakungoja huku?

Ramlo alilitambua neno lake. Akafumba macho. "J'attends, tu attends..."

Yule akamkatiza. Na dugsini ukikatizwa, unarudi mwanzo. Ramlo akarudi mwanzo. Akakatizwa tena, akarudi tena, matamshi safi kuliko ya Jilo mwenyewe. Mwanamke akashukuru kwa adabu na kukata simu.

"Amefurahi?" aliuliza Ramlo, jasho likimtiririka.

Jilo hakuwa na nguvu hata za kudanganya. "Alikuuliza swali, mama. Hukumjibu. Mimi sikukufundisha kujibu."

Ramlo akakunja na kukunjua pindo la shungi lake. Simu ikaita tena. Safari hii alikuwa Idman.

"Hooyo, vipi? Wamesemaje?"

Ramlo hakufumba macho, wala hakuyumba.

"J'attends," alisema, uzito mahali pake, na hapo akakoma.