Togwa Isiyoonjwa

Miaka yote ambayo kanisa letu hapa Kabungu limepokea wageni, togwa ilikorogwa na Donatille. Hakuna aliyemchagua. Ilikuwa yake kama vile mimbari ilivyo ya Mchungaji Leonidas. Kwa hiyo Mchungaji alipotangaza kwamba kwaya ya Mishamo ikija Jumamosi, togwa ataikoroga Emelyne, mke wa Egide, Donatille alitabasamu akasema ameni kwa sauti kuliko wote. Sisi tunaomjua tuliiogopa ile ameni.

Emelyne alikuwa na mwaka mmoja tu tangu aolewe kwetu. Mpole, hana neno na mtu, na hilo nalo lilimkera Donatille, maana utagombana vipi na mtu wa namna hiyo? Alikuwa na sauti nzuri ya kuimba, na mume anayemchotea maji mchana kweupe bila kuona haya. Na sasa togwa. Siku ya wageni Donatille alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono apewe kikombe, akakinywa akiomba kwa moyo wote iwe chachu. Ilikuwa tamu. Mumewe mwenyewe, mtu ambaye tangu wafunge ndoa hajawahi kusifia hata ugali, alirudi kuongezwa mara ya pili, kisha akasema mbele za watu kwamba togwa kama ile hajawahi kuinywa. Donatille akashikwa na wivu pale pale.

Ndipo macho yake yakaona kitu. Sisi wenye asili ya Burundi, hata tuliozaliwa Katavi hii hii, tuna desturi moja: anayempa mgeni kinywaji hukionja yeye kwanza, mgeni akimwona. Ni kumwambia, kunywa, hakuna sumu humu. Emelyne aligawa vikombe vyote, akainama kwa heshima, akashika kwa mikono miwili, na midomo yake haikugusa chochote.

Kwaya ilirudi kwao kwa lori, na njiani mwimbaji mmoja wa besi akatapika. Kwa barabara ile, na kwa nyama aliyoifakamia, mimi ningeshangaa kama asingetapika. Lakini habari zilipomfikia Donatille, alimshukuru Mungu kwanza, halafu ndiyo akakumbuka kusikitika.

Hakutunga uongo wa moja kwa moja. Huo ni wa wanafunzi. Alikwenda kwa jirani akamwomba wamwombee Emelyne. Kuna nini? Hakuna, wamwombee tu, maana hakuonja, na mgeni katapika, na yeye Donatille si mtu wa kuhukumu. Nyumba ya pili alipeleka ombi lile lile, akaongeza kwamba ukoo wa Emelyne haujulikani vizuri. Nyumba ya tatu akalitaja neno lenyewe, sumu, kwa kunong'ona. Neno lilipofika kisimani, mwimbaji alikuwa amelazwa Mpanda mjini. Lilipofika gulioni, alikuwa mahututi. Wakati huo mwenyewe yuko Mishamo anapalilia mihogo. Wanawake waliozoea kuchukua moto jikoni kwa Emelyne wakaanza kununua viberiti. Akiwasalimia, wanaitikia huku wakifunika ndoo zao.

Mama mkwe wake, Athanasie, mjane aliyebakiwa na Egide peke yake, akaacha kula chakula cha Emelyne. Alimwambia mwanawe wazi kwamba kanisa lisipomsafisha mwanamke huyu, atamrudisha kwao. Egide akalia mbele ya mama yake, na haikusaidia. Basi Mchungaji akaita kikao cha wazee wa kanisa, na sisi wengine tukajaa madirishani.

Mchungaji alimuuliza Emelyne kama alionja. Akajibu hakuonja. Kwa nini? Akasema hawezi kueleza, Mungu anajua. Donatille akashusha pumzi kwa huzuni kubwa na kujifuta jicho lililokuwa kavu.

Ndipo bibi Joséline, mzee kuliko wote kanisani, akagonga fimbo yake chini.

"Mungu anisamehe, nitasema. Huyu mtoto alikuwa amefunga. Na mimi nilikuwa nimefunga."

Mchungaji akauliza walikuwa wanafungia jambo gani. Joséline hakumjibu yeye, alimgeukia Donatille.

"Mama Monika, si ni wewe ulisimama kwenye maombi ya wanawake ukalia? Ukasema mimba mbili za binti yako Monika huko mjini zimetoka, na hii ya tatu nyie mumfungie kila Jumamosi mpaka ajifungue. Tuliitikia wote. Tumefunga wawili. Na hatukutangaza, maana Bwana alikataza mtu kufunga ili aonekane."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Jumamosi ile wanawake wengine wote walikunywa, na mama yake Monika ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza.

Ningependa kusema kwamba Donatille alijuta papo hapo. Kilichomjia kwanza kilikuwa wivu tena, mkali kuliko ule wa togwa: hata kumlilia mwanangu, huyu amenitangulia. Aibu ilikuja baadaye, na ilipokuja haikuondoka.

Majirani walipoeleza maneno yalikotoka, wazee walimtenga Donatille asiimbe wala kushiriki meza ya Bwana mpaka apite kila nyumba aliyopeleka maneno, ayarudishe, amalizie kwa Athanasie. Akapita. Wengine walimwambia hawakuamini tangu mwanzo, na ndoo zao bado zimefunikwa.

Alifika kwa Athanasie siku ya Jumamosi. Monika alikuwa bado hajajifungua, na safari hii Donatille naye alikuwa amefunga, kwa mara ya kwanza. Alipiga magoti mlangoni.

"Nilimsingizia mke wa mwanao," akasema. "Nilimwonea wivu, basi."

Athanasie hakumwambia ainuke.

"Mama Monika, mdomo wako ulisema ana sumu. Leo mdomo huo huo unaniambia hana. Mimi nishike lipi?"

Emelyne alitoka jikoni na kikombe cha togwa, kwa sababu mgeni ni mgeni. Aliinama, akakishika kwa mikono miwili, akampa. Hakukionja.

Athanasie alikuwa anaangalia kile kikombe. Donatille akaelewa. Akikataa, Emelyne atarudi kwao leo, na hakuna maneno yatakayomrudisha. Akinywa, atakuwa ameivunja saumu aliyomfungia Monika, na Jumamosi hiyo Monika atabaki mikononi mwa Joséline na mwanamke huyu. Akanywa mpaka chini.

Athanasie alingoja kidogo, kisha akanyoosha mkono wake.

"Mwanangu," akamwambia Emelyne, "na mimi nipe."

Donatille alijifuta mdomo, bado amepiga magoti. Togwa ilikuwa tamu kuliko yake, na tumboni mwa Monika mjini, mjukuu wake alikuwa anaombewa na mtu mwingine.