Dawa Haigawanywi

Kila asubuhi Yunis alivuka uwanja na mtoto wake mgongoni, akapiga goti mbele ya nyumba ya mke mkubwa, akasema, "Shikamoo, dada." Na kila asubuhi Kristina alimwacha pale chini kiasi cha kufunua chungu, kuonja, na kukifunika tena, ndipo akaitikia, "Marahaba." Salamu hakumnyima. Kunyimana salamu ni ugomvi wa watoto. Alimnyima wepesi wa kuitikia, na Yunis alijua maana yake.

Kaya yao ilikuwa ng'ambo ya mto Kilombero, ukishavuka kwa pantoni kutoka upande wa Ifakara, kwenye mbuga ambako mpunga na ng'ombe hawajawahi kupatana. Wenyeji walisimulia jinsi Ndaki, mume wao, alivyoingia bondeni na ng'ombe wake kana kwamba ng'ombe walijiswaga wenyewe. Maofisa nao, kila walipokuja kuwahesabu ili wapate cha kutoza, waliuliza jina la Ndaki wakaondoka. Hakuna aliyeuliza nani alitembea nyuma ya kundi lile kutoka Meatu, chungu kichwani, bintiye Omega mkononi, akilala porini na kuamka kukamua. Kristina hakuhitaji kuulizwa. Alikumbuka kila kisima walichonyimwa maji, na sura ya aliyewanyima.

Alikumbuka pia ng'ombe wa mahari ya Omega. Binti yake huyo alipoolewa upande wa Malinyi, ng'ombe waliingia zizini wakicheza, na Kristina akamjua kila mmoja kwa rangi: yule mwekundu mwenye kovu, yule mweupe wa masikio meusi, yule fahali mchanga asiyetulia. Msimu haukupita. Ndaki alikwenda Mlimba kuuza maksai, akarudi na habari za binti wa kibarua wa reli aliyepunguzwa kazini. Ng'ombe wale wale wakafunguliwa wakaenda Mlimba, na Yunis akaja. Kristina ndiye aliyemzaa Omega, Omega ndiye aliyeleta ng'ombe, ng'ombe ndio waliomleta Yunis. Ukilifikiria hilo kwa utulivu unaweza kupata kichaa, kwa hiyo Kristina alilifikiria kwa hasira.

Mbele ya wazee walikubaliana zamu: siku mbili kwa mkubwa, siku mbili kwa mdogo. Lakini zamu ya Kristina ililiwa kidogo kidogo kama mkeka unavyoliwa na mchwa. Ng'ombe akikaribia kuzaa, Ndaki alilala kule kwa Yunis kwa kuwa ni karibu na zizi. Mtoto Tadei akikohoa, alilala kule. Tadei akipona, alilala kule kufurahi kwamba amepona. Na kule kulikuwa na samaki. Yunis aliwapika perege kwa nazi, ndimu na pilipili hadi harufu ikavuka uwanja na kuingia ndani kwa Kristina bila hodi.

Ndipo tumbo la Ndaki likageuka. Jioni moja alisukuma sahani ya samaki, akashika kifua, akasema moto unapanda kutoka tumboni hadi kooni. Alicheua maji machungu mpaka kukakucha. Kwa kuwa Yunis alikuwa na mtoto mwenye homa, Kristina ndiye aliyepanda nyuma ya baiskeli wakavuka kwenda Ifakara.

Nesi aliyewaona aliitwa Gladness, mwanamke mwembamba aliyezungumza kama mtu anayehesabiwa maneno. "Tumbo linatengeneza asidi kupita kiasi," alisema. "Likiachwa hivyo litajichoma lenyewe liwe na vidonda. Nawapa vidonge hivi vya kuituliza. Atafune, asimeze kizima. Kimoja baada ya kila chakula, kimoja akienda kulala. Mzee, unanisikia?"

Ndaki alikuwa anachungulia dirishani kulinda baiskeli yake. "Mwambie huyu," akasema. "Ndiye anayepika."

Gladness akamgeukia Kristina. "Pilipili aache. Ndimu aache. Pombe, chai kavu, na kitu chochote kichachu. Hasa asubuhi kabla hajala kitu. Umeshika, mama?"

"Nimeshika," alisema Kristina. Na kweli alishika. Alishika neno kwa neno.

Waliporudi, vidonge viliingia kwenye kibuyu kidogo juu ya kitanda cha Kristina. Vilikuwa vikubwa, vyeupe, na harufu kama ya pipi. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Yunis. Jioni Yunis akaja, akapiga goti.

"Dada, naomba unigawie vidonge vya zamu yangu. Baba Tadei atahitaji kimoja akila na kimoja akilala."

Kristina alikuwa anachambua mchele. Hakujua kwamba angesema lile neno mpaka alipolisikia likitoka. "Dawa haigawanywi, mama Tadei. Nesi amekataza. Ikitengana inapoteza nguvu."

"Hata kidogo?"

"Wewe endelea na samaki wako. Si ndio waliomleta hapa alipo?"

Yunis aliinamisha uso. Alikuwa amekwisha kuambiwa habari za pilipili na ndimu, na aibu yake ilimziba mdomo kuliko jibu la Kristina.

Basi ikawa hivyo. Chakula cha kwa Yunis Ndaki alikiogopa, na dawa ya wakati wa kulala ilikuwa kwa Kristina. Mwanaume akahamia ilipo dawa. Kristina alilala akisikia meno ya mumewe yakisaga kidonge, kru, kru, kru, na kwake sauti ile ilikuwa tamu kuliko ngoma ya mavuno. Asubuhi alimfuta weupe uliobaki pembeni mwa midomo kwa ncha ya kitenge, kama alivyomfanyia zamani walipokuwa wawili tu chini ya nyota, nyuma ya kundi.

Jirani yao Hermenegildi, Mpogoro mwenye shamba la mpunga lililopakana na malisho, alikuja siku moja kulalamika kwamba ndama amevuka mpaka. Akakuta malalamiko yamepungua ladha, akaamua kutania.

"Ndaki, bwana, nauliza tu. Siku hizi unalala kwa mke au unalala kwa dawa?"

"Nalala penye nafuu," alijibu Ndaki.

"Sisi Wakatoliki tuna mke mmoja, na kiungulia tunacho. Kumbe wewe ulioa wawili upate mmoja wa kukileta na mmoja wa kukituliza."

Wanaume wakacheka. Ng'ambo ya uwanja Yunis akainuka, akamfunga Tadei mgongoni, akaingia ndani. Kristina aliona, na moyo wake ukapata kitu kama maji ya baridi.

Tatizo la dawa nzuri ni kwamba inaponya. Moto wa kifuani ulizima. Ndaki akaanza kula akashiba, akaanza kupiga mluzi zizini, akaanza kumbeba Tadei mabegani. Jioni moja, akiwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwa Kristina, alitazama moshi wa jiko la Yunis kwa muda mrefu.

"Tumbo limetulia, mama Omega," alisema. "Kesho kutwa nirudishe zamu. Yule naye ni mtu. Amenihakikishia pilipili hatii tena."

"Sawa," alisema Kristina. "Ni haki yake."

Asubuhi alipanda juu ya kigoda kile kile, akashusha mfuko uliofungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na ukwaju uliotoka Meatu, zawadi ya shemeji yake aliyepita msimu uliotangulia. Kwao, uji wa ukwaju ni uji wa mtu anayependwa. Aliuloweka, akaukamua, akaukoroga kwenye unga wa mtama mpaka uji ukawa mwekundu na mchachu wa kuziba taya. Alipokuwa anakoroga alimsikia Gladness masikioni, waziwazi, kama amesimama nyuma yake. Hakuacha kukoroga.

Ndaki alikunywa bakuli zima kabla hajaweka kitu kingine tumboni. Alifumba macho. "Wewe," akasema. "Umenirudisha kwa mama yangu."

Jua lilipofika utosini alikuwa amejikunja kivulini mwa zizi, mkono kifuani. Zamu ikaahirishwa.

Msidhani Kristina alifurahi. Siku ya kwanza alijiambia ni bahati mbaya tu, huenda ni ule mtindi alioupata kwa wachungaji. Siku ya pili hakujiambia kitu. Kuanzia siku ya tatu alikuwa ni mtu mwenye kazi: asubuhi anawasha, jioni anazima. Uji kwa mkono mmoja, kidonge kwa mkono mwingine. Akimwona ameumia sana alipunguza ukwaju. Akimwona anatazama moshi wa kule aliongeza. Aliwahi kusimama na bakuli mkononi akitaka kummwagia mbwa uji ule. Yunis akacheka kitu na mtoto wake, kicheko kifupi cha kawaida, na bakuli likapelekwa kwa mwenyewe.

Ndaki alikonda. Mkanda ukaongezewa tundu. Na vidonge, ambavyo sasa alivitafuna hata kabla ya chakula, vikaanza kuonyesha sakafu ya kibuyu.

Asubuhi ile ya mwisho Yunis ndiye aliyemkuta. Alikwenda zizini kuchukua maziwa ya mtoto, akamwona Ndaki amepiga magoti kama yeye alivyozoea kupiga, na mbele yake matapishi meusi kama machicha ya kahawa. Yunis hakupiga kelele. Alikuja mbio hadi mlangoni kwa Kristina, akasimama wima. "Dada, anatapika damu. Fungeni mkokoteni." Hakuna aliyekumbuka shikamoo.

Maksai waliwavuta hadi pantoni, Ndaki amelala juu ya magunia, wake zake huku na huku. Gladness alimpokea, daktari akaja, Ndaki akatundikiwa chupa ya maji. Alasiri, alipopata nguvu ya kuegemea mto, nesi alikuja na karatasi yake, wote watatu wakiwa pale.

"Dawa ulitafuna?"

"Sikuacha hata siku moja."

"Pilipili?"

"Nimeisahau hata rangi yake."

"Basi asubuhi ulikuwa unakula nini?"

Kristina alifungua mdomo, lakini Ndaki alimtangulia, na alisema kwa fahari ya mgonjwa asiye na kingine cha kujivunia. "Uji wa ukwaju. Kila asubuhi, kabla ya kitu chochote. Mke wangu mkubwa huyu hajanisahau hata siku moja."

Gladness aliacha kuandika. Alimtazama Kristina, akamtazama tena. "Mama, si wewe niliyekueleza? Kitu kichachu, asubuhi, tumbo likiwa tupu. Nikakuuliza umeshika, ukasema umeshika."

"Nilisahau," alisema Kristina.

Wodi ilikuwa na watu wengi, na kila mmoja alikuwa na mgonjwa wake wa kumtazama. Ndaki aligeuza kichwa polepole juu ya mto.

"Wewe," alisema. "Wewe unakumbuka kovu la ng'ombe aliyeondoka kwangu miaka mitatu iliyopita. Ukasahau hilo."

Angemtukana, Kristina angepata pa kushika. Angemkumbusha safari ya kutoka Meatu, visima, mahari ya Omega, zamu zilizoliwa. Alikuwa na kesi nzima moyoni mwake, na yote ilikuwa kweli. Lakini hakuna aliyemwita aieleze.

Siku ya kuruhusiwa, Gladness alileta vidonge vipya. "Nani anapokea dawa?"

Ndaki aliinua kidevu kumwelekea Yunis. Yunis akavifunga kwenye pindo la khanga, mafundo mawili.

Wiki mbili Ndaki alikaa kule akinyweshwa uji wa mchele usio na kitu. Kisha, kwa kuwa wazee walikuwa wameshuhudia na yeye alikuwa mtu wa kuogopa wazee, alirudisha zamu. Alivuka uwanja jioni, akaketi kwenye kigoda mlangoni kwa Kristina. Kristina alimpikia ugali laini na maziwa yaliyochemshwa. Alionja kila kitu mbele yake kabla ya kumpa, bila kuambiwa. Ndaki alikula. Hakusifu, lakini alimaliza.

"Kilichobaki ni dawa," alisema.

Kristina alifunga kitenge vizuri, akavuka uwanja. Tangu Yunis aolewe hakuwahi kuvuka kwenda upande ule. Yunis alikuwa mbele ya jiko. Kristina alisimama, akajiona yu mrefu mno, akachuchumaa.

"Mama Tadei, naomba vidonge vya zamu yangu. Kimoja cha sasa na kimoja cha kulala."

Yunis alifunua chungu. Akaonja. Akakifunika tena, taratibu, mfuniko ukakaa sawa.

"Dawa haigawanywi, dada," alisema. "Ikitengana inapoteza nguvu."

Kristina alirudi. Alipofika mlangoni kwake Ndaki alikuwa ameshavaa kandambili, fimbo mkononi, anamsubiri ampishe njia.