Mtani Asiyecheka

Lori la shule lilipokata kona ya mwisho na uwanja ukaonekana, wasichana wa darasa la sita walianza kupiga bodi kwa viganja wakiimba jina la shule yao, Naiwai, Naiwai, mpaka dereva akatoa kichwa dirishani kuwaomba wasimvunjie gari. Raijeli aliimba nao. Alikuwa katika mwaka wake wa kwanza wa ualimu, na kwa wiki tisa alikuwa amekutana na wasichana wanne kila alfajiri, wakikimbia kando ya reli ya kubebea miwa na kupokezana kijiti cha mpera. Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Shule kumi na moja zilikuwa zimefika, na mbili zitakazotangulia kwenye mbio za vijiti zingekwenda kushindana Suva, mji mkuu. Moyo ulimdunda kana kwamba yeye ndiye atakayekimbia.

Masta Apakuki, mwalimu wa michezo, alishuka wa kwanza, kipenga kikining'inia kifuani. Alimpokea Raijeli mkoba kwa tabasamu, akaufungua, akatoa kifurushi cha mihogo na samaki wa tui, akaanza kula palepale.

"Ahsante, mtani! Nyie watu wa Nasele hamjui kupika, lakini leo nitavumilia."

Walimu wenzao wakacheka. Raijeli naye akacheka, kwa sababu ndivyo ilivyompasa. Watu wa Nasele, kijiji chake, na watu wa Waikubu, kijiji cha Apakuki, walikuwa watani tangu enzi za mababu, kwa kuwa mizimu yao ilikuwa ndugu. Mtani akikunyang'anya kofia, unampa na viatu. Akikutukana mbele za watu, unamtukana zaidi na mnacheka pamoja. Atakayekasirika ndiye atakayeaibika, na habari zake zitafika kijijini kabla yake.

Kwa mihula miwili Apakuki alikuwa akila chakula chake na kukalia kiti chake. Alimfutia ubao katikati ya somo. Siku aliyokuja mkaguzi, alimfichia maandalio yake ya masomo. Kila mara alisema neno lilelile, mtani, na chumba kizima cha walimu kikaangua kicheko. Mwalimu mkuu, Madamu Sushila, ambaye babu zake waliletwa kutoka India kuja kukata miwa, na ambaye kwa hiyo hakuwa mtani wa mtu yeyote, alitikisa kichwa tu na kurudi ofisini. "Mambo ya watani hayo," alikuwa akisema. "Mimi siyaingilii."

Raijeli hakuwa mwepesi wa kumhukumu mtu. Jumapili moja baada ya kanisa alikaa na karatasi, akaandika yote aliyoyakumbuka, upande mmoja yaliyotokea mbele za watu, upande wa pili yaliyotokea wakiwa wawili tu. Alipomaliza aliona kitu ambacho hakuwa amekitafuta. Upande wa pili neno mtani halikuwemo hata mara moja. Kisha akajiuliza swali lingine, maana alitaka kutenda haki: je, yeye mwenyewe aliwahi kumchukulia Apakuki chochote? Hakuwahi. Labda basi kosa ni lake, amemwacha mwenzake acheze peke yake. Alijiahidi kwamba siku moja atacheza naye kweli, aone.

Siku hiyo hakuwa ameipanga. Ilijileta yenyewe, nyuma ya lori, Apakuki alipomfuata akipangusa midomo.

"Wasichana wa vijiti nawachukua mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Na yule Titilia anayemalizia atoke. Kafupi kama kinu. Elenoa, yule mrefu, ndiye atakayemalizia."

"Masta, Elenoa hajawahi hata kukishika kijiti. Wamefanya mazoezi wiki tisa wakiwa..."

"Wewe utakaa bandani ukate mananasi." Alimsogelea. "Ripoti yako ya majaribio inaandikwa na nani?"

Raijeli alijibu kwa kunong'ona.

"Sikusikii."

"Na wewe, Masta."

"Haya. Kisu kiko kwenye ndoo." Dereva akapita karibu, na papo hapo sauti ya Apakuki ikapanda, imejaa kicheko. "Aa, mtani, usininunie bwana! Nitakuachia mkia wa samaki!"

Raijeli akaenda bandani. Alikata nanasi moja, akaanza la pili. Uwanjani kipaza sauti kiliita wavulana wa mita mia mbili, ngoma zikalia, na hewa yote ikanuka nyasi mbichi na mafuta ya nazi ambayo watoto walijipaka miguuni. Ndipo Titilia akaja. Hakuwa akilia. Alikuwa ameishika namba yake kifuani kwa mikono miwili, pini zikiwa bado zimo.

"Madamu, Masta amesema niivue. Ni kweli?"

Raijeli alimtazama yule mtoto, kisha akachukua nanasi zima, akaliweka chini ya kwapa.

"Usiivue," alisema. "Nenda kawaambie wenzako wapashe moto misuli."

Akavuka uwanja. Apakuki alikuwa amesimama mbele ya banda la akina mama wa Waikubu, akiwasimulia kitu, nao wakisikiliza huku wakimenya magimbi. Raijeli alimjia kwa nyuma, akamvua kipenga shingoni, akamvua na kofia, akavaa vyote viwili, akapuliza kwa pumzi yake yote. Hata wavulana wa mita mia mbili waligeuka.

"Watu wa Waikubu!" alipaza sauti. "Nimekuja kudai changu! Mihula miwili huyu mtani wangu anakula mihogo yangu, mpaka sasa kitambi kinafika darasani kabla yake! Leo nachukua kipenga, nachukua kofia, na timu ya vijiti ni yangu. Yeye atabaki hapa awakatie mananasi!"

Akampa Apakuki lile nanasi mikononi.

Kelele zilizopigwa hapo! Akina mama wa Nasele waliruka kutoka banda la tatu, wakaja mbio na makopo ya poda ya kumwagia watu wakati wa shangwe. Wa Waikubu walikuwa wamekwishaanguka juu ya mikeka kwa kucheka. Mereoni, shangazi yake Apakuki, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani, alimpokonya mmoja wa wale wa Nasele kopo na kummwagia mpwa wake poda kichwani.

"Mchukue na mwenyewe!" alimwambia Raijeli kwa kelele. "Mtani, mchukue kabisa! Sisi tumechoka kumlisha!"

"Hapana, shangazi, huyu hata bure simtaki!"

Wakacheka tena. Raijeli alimgeukia Apakuki, akamtazama usoni, na kwa dhati ya moyo wake alitaka acheke. Angecheka tu, Raijeli angemrudishia kipenga palepale na kumkatia nanasi kwa mkono wake, na mihula yote miwili angeihesabu kuwa ni mchezo ambao hakuuelewa.

Apakuki hakucheka.

"Lete hicho," alisema.

"Mtani..."

"Mimi si mtani wako!" Aliudaka uzi wa kipenga na kuuvuta, ukakatika. "Sijawahi kuwa mtani wako! Msichana wa juzi tu, unathubutu kunichezea mimi mbele za watu?"

Mkono wa Mereoni ulibaki hewani na kopo lake.

"Umesema nini, Apakuki?"

"Shangazi, huyu anani..."

"Nimekuuliza umesema nini. Mababu zako wamekubali, baba yako amekubali, wewe umetoka wapi?"

Hapo ndipo watu walipompisha Madamu Sushila. Alikuwa amekuja kutazama kelele ni za nini, mwavuli begani, kipande cha chapati bado mkononi.

"Masta," alisema polepole, "nimesikia vizuri? Si mtani wako?"

Apakuki alitazama nyasi.

"Maana mimi nimenyamaza muda wote huu nikidhani ni utani. Kama si utani, basi kile chakula kilikuwa nini? Na yale maandalio, siku ya mkaguzi?"

Poda ilikuwa imemganda Apakuki kwenye kope, na mikono yake, mmoja wenye kipenga na mwingine wenye nanasi, haikujua pa kwenda. Raijeli aliona, kwa mara ya kwanza, kwamba mtu huyu aliogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa kitu chochote duniani. Hilo halikumfutia aliyoyatenda. Lakini aliliona.

"Jumatatu saa mbili, ofisini kwangu," Madamu Sushila alimwambia Apakuki. "Raijeli, utakuja saa tatu, na utaniambia yote. Ripoti yako nitaiandika mwenyewe." Kipaza sauti kikakoroma, kikaita wasichana wa vijiti. "Haya, hiyo timu ni ya nani?"

"Yangu, Madamu."

"Sasa mbona umesimama?"

Raijeli alikimbia. Alivua kandambili njiani akakimbia peku, kofia ikaruka, nyuma yake akina mama wa vijiji viwili wakimfuata wakipiga masufuria. Aliwakuta wasichana mstarini, akawashika mabega mmoja mmoja.

"Mpangilio ni uleule. Ukinyoosha mkono usigeuke. Mwenzako yupo."

Vibao viwili vya kuanzishia mbio vikagonganishwa, paa! Wa kwanza alitoka vizuri. Wa pili akashika nafasi yake. Wa tatu alijikwaa, akapiga goti moja chini, akainuka, na kijiti kilipofika kwa Titilia walikuwa wa nne.

Titilia hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, akakihisi kijiti kiganjani, akaondoka. Miguu ile mifupi ilizunguka kama cherehani. Akampita mmoja kabla ya kona. "Kaza! Kaza!" alipiga kelele Mereoni wa Waikubu, kana kwamba ni mjukuu wake. Akampita mwingine kwenye mita za mwisho, akavuka mstari akiwa wa pili, kifua mbele, wala hakusimama. Aliendelea moja kwa moja mpaka akamrukia Raijeli, wakaanguka wote wawili kwenye nyasi.

"Shule ngapi zinakwenda?" alihema. "Madamu, zinakwenda ngapi?"

"Mbili!" Raijeli alicheka, machozi yakimtoka. "Mbili, mwanangu! Mbili!"