Kibao cha Bismillahi

Hamidi wa Majengo hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na kasoro moja iliyomtosha: hakupenda kuambiwa hapana. Kahawa yake ya kusaga, yenye tangawizi na iliki, ilinywewa kuanzia Pumwani hadi Kaloleni. Mwanzoni mwa mwaka wa hamsini na nne, Jimale, Msomali mwenye duka la jumla kule Eastleigh, alimwambia angeichukua yote kama ingekuja katika mifuko yenye chapa badala ya vipande vya magazeti. Basi Hamidi akaanza kutafuta mpiga chapa.

Alianzia mjini, River Road, kwa mzee mmoja wa Kipunjabi aliyekuwa akichapa kalenda na vitabu vya risiti. Mzee alivaa miwani yake akautazama mchoro. Juu kabisa palikuwa na Bismillahi kwa Kiarabu, herufi kubwa, chini yake birika, na chini ya birika, KAHAWA YA HAMIDI. Ni Fatu, mkewe, aliyetaka Bismillahi ikae juu, biashara ipate baraka.

"Birika nitachapa," mzee alisema. "Jina lako nitachapa. Hili la juu sichapi."

"Kwani wewe si Mwislamu?"

"Ndiyo maana sichapi. Mfuko wa kahawa ukiisha hutupwa, bwana. Huu utatupwa wapi?"

Lilikuwa swali la haki, na mtu mwenye akili zake angekaa kitako akalifikiri. Hamidi alipandwa na hasira. Huyu wa River Road amfundishe dini yeye, ambaye babu yake alitoka Lamu na juzuu zake kifuani! Aliunyakua mchoro wake akatoka bila kuaga.

Akabaki Walter. Walter alikuwa Mkikuyu wa Shauri Moyo, mpole, mwenye wino kwenye kucha usiotoka hata kwa mafuta ya taa. Nusu ya chumba chake ilikaliwa na mashine ya kukanyaga kwa mguu, na kwa mashine hiyo alikuwa amechapa kadi za arusi, tikiti za dansi na matangazo ya mpira ya mtaa mzima. Ila tangu itangazwe Hali ya Hatari, leseni yake, kama za Wakikuyu wengi, ilikuwa imefutwa. Mlango wa mbele ulitiwa kufuli, na wateja aliowaamini walipitia uani.

"Nitakuchapia, Bwana Hamidi," alisema, "lakini jina langu halitakuwepo pale chini. Mtu akikuuliza, umechapisha mjini. Wakijua mashine hii bado inafanya kazi nitapandishwa lori, na nina watoto watatu."

"Wallahi, Walter, sikutaji. Hata nikichinjwa."

Wakapeana mikono.

Herufi za Kiarabu Walter hakuwa nazo, kwa hiyo mchoro ulipelekwa kwa fundi wa kuchonga kule Bazaar, naye akaichonga Bismillahi kwenye bati la zinki na kulipigilia juu ya kibao cha mti. Walter alikipokea, akakigeuza huku na huku.

"Inasema nini hii?"

"Jina la Mungu."

Walter alikiweka mezani, akajipangusa mikono kwa aproni, kisha akakichukua tena. Hakuuliza kingine. Hamidi alirudi nyumbani akamtambia Fatu. "Nimempata mpiga chapa, Mama Lela! Mtu wa kazi, si wa maswali."

Na mifuko ilitoka mizuri, kusema kweli. Wino ulikolea, birika lilikaa sawa, na Jimale aliipanga dukani mbele ya majani ya chai. Kwa wiki tatu Hamidi alitembea Majengo kifua mbele.

Wiki ya nne, Mwalimu Abdurahim wa madrasa alikuta mfuko mmoja kwenye mtaro karibu na Gikomba, umekanyagwa, Bismillahi imejaa tope. Alizungumza msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Hakumtaja mtu, na hakuwa na haja, maana jina la mwenyewe lilikuwa palepale chini ya birika.

Jioni ileile mifuko ilianza kurudi. Wanawake walikuja nayo mitupu, imekunjwa vizuri. "Chukua, Mama Lela, mimi sina pa kuliweka jina hili." Wengine waliiacha kizingitini bila hata salamu. Jimale alirudisha makasha yote, na wala hakufoka. Ingekuwa nafuu angefoka.

"Ndugu yangu," alisema, "wateja wanaogopa hata kuufungua. Kahawa yako nzuri. Mfuko huu siuwezi."

Fatu alilia siku mbili, kwani baraka aliitaka yeye. Hamidi hakulia, alitafuta wa kumlaumu, na mawazo yake yalipofika River Road yaligeuka haraka. Mwisho alimwendea Mwalimu, akaambiwa wanavyofanya watu wote wa dini: karatasi yenye jina la Mungu huchomwa mahali safi, na majivu yake hufukiwa mahali pasipokanyagwa.

Ndivyo walivyofanya, asubuhi moja ya Aprili. Walifagia uani, wakachimba shimo pembeni na kuwasha moto. Mwalimu Abdurahim alikuja kusimamia. Hakuna kati yao watatu aliyekumbuka kwamba wiki ile askari walikuwa wakipekua Nairobi nyumba kwa nyumba, na kwamba kwao mtu anayechoma karatasi ni mtu mwenye la kuficha. Moshi ulipanda juu ya mabati ya Majengo ukaonekana mpaka barabarani. Mifuko haijafika nusu, inspekta wa kizungu alikuwa uani na askari wanne.

Mwalimu alieleza polepole, mikono wazi. Inspekta alisikiliza, akapiga teke karatasi kadhaa, akacheka puani.

"Haya. Choma kahawa yako, mzee."

Aligeuka kuondoka. Kisha akainama, akaokota mfuko mmoja mzima na kuutazama upande wa chini.

"Hapana jina ya mpiga chapa hapa. Nani alichapa hii?"

Neno moja tu, mjini, na mambo yangekwisha. Lilikuwa ulimini. Lakini Hamidi alifikiri: ataniuliza mjini wapi, nami mjini najua kiwanda kimoja, na yule mzee atasema mbele ya mzungu kwamba alinikatalia. Hakuna aliyemshika wala kumnyooshea bunduki. Fatu alimtazama, akatikisa kichwa kidogo sana, usiseme.

"Walter," Hamidi alisema. "Wa Shauri Moyo. Mlango wa nyuma."

Mwalimu Abdurahim alitazama chini. Moto uliendelea kuwaka, na hakuna aliyeongeza karatasi.

Walter alichukuliwa kabla ya adhuhuri. Hamidi alikwenda Shauri Moyo, sijui kwa nini, labda alitumaini kukuta amekimbia. Alimwona juu ya lori na wanaume wengine wengi, mikono kichwani. Ndani, mashine ilikuwa ikivunjwa kwa nyundo, na herufi za risasi zilimwagika hadi mlangoni. Hamidi alijificha nyuma ya mama mmoja mwenye debe la maji hadi lori lilipoondoka.

Siku ya tatu, mke wa Walter alibisha mlango wa Hamidi. Watoto wake watatu walisimama nyuma yake na mafurushi, kwani wote walikuwa wakirudishwa rizavu, kwenye ardhi waliyotengewa Wakikuyu, mchana ule. Alikuwa ameshika kitu kilichofungwa kwenye foronya nyeupe.

"Hiki chako, Bwana Hamidi. Walipoanza kuvunja vitu, aliomba kimoja tu kisiguswe, ndicho hiki. Alikuwa anakiweka juu ya kabati, juu ya Biblia yetu. Alisema ni jina la Mungu, lisianguke chini."

Fatu alikipokea, maana Hamidi hakunyoosha mikono.

"Wamemweka kambini Langata," mama yule aliendelea. "Majirani wananiambia ni wewe uliyemtaja. Nilimpigia kelele kupitia ua wa waya, nikamwambia wanavyosema. Akanijibu nisiwasikilize, Hamidi aliapa. Nikaona nikuambie, usije ukadhani tunakuwekea kinyongo moyoni."

Alingoja kidogo. Mtoto mdogo akamvuta kanga.

"Asante, mama," Hamidi alisema. "Mwende salama."